Udongo wa Kujaza

Pipa lilitoboka mwezi wa nane, kiangazi kikiwa kimekaza, na Generose alikuwa ameshapanga ndani yake mikate ya asubuhi. Lilikuwa pipa la mafuta lililokatwa nusu na kulazwa juu ya mawe, nyuma ya nyumba yao mtaani Rugenge, mjini Uvira, na kwa miaka tisa hilo ndilo lililokuwa tanuru lake. Kutu ilikuwa imelila kwa chini bila yeye kujua. Makaa yakapenya, mikate ikaungua upande mmoja na kubaki mibichi upande wa pili. Blandine, jirani aliyekuwa akimchukulia mikate kwenda kuiuza sokoni, alikuja na beseni lake akaondoka nalo tupu.

"Sasa utafanya nini, Mama Ornella?" Blandine alimuuliza.

"Nitajenga ya matofali."

Blandine alicheka kidogo, halafu akaona kwamba mwenzake hacheki. Kujenga ni kazi ya fundi, na fundi wa nyumba ile alikuwa amekaa barazani kwenye kiti cha plastiki, mkono wa kulia umelala mapajani kama kitu cha mtu mwingine.

Achille, mume wa Generose, alikuwa mwashi tangu ujana wake. Ukitembea Uvira kutoka Kavimvira hadi Kalundu hukosi ukuta uliopitiwa na mkono wake. Alijenga nyumba, vyoo vya shule, makaburi ya watu wenye uwezo, na matanuru ya watengeneza mikate wawili ambao wote walishahama. Kisha miaka miwili iliyopita, asubuhi moja akifunga viatu aende kazini, akaanguka. Kiharusi kilimchukulia mkono wa kulia, mguu wa kulia na nusu ya mdomo. Akili kilimwachia. Alijua kila kitu, ila maneno yalitoka yamevunjika, na watu wasiomzoea walimjibu kwa sauti kubwa kama mtu asiyesikia, jambo lililomchoma kuliko ugonjwa wenyewe. Binti yao wa pekee, Ornella, alikuwa ameolewa Kalemie. Nyumba ikabaki ya watu wawili, na mkate ndio uliowalisha.

Generose alivuta kibao akakaa mbele ya mumewe.

"Papa Ornella, nataka unifundishe."

Achille alimtazama mikono kwanza, kisha uso. "We-weye?"

"Minye. Nani mwingine iko hapa?"

Ule upande mzima wa mdomo wake ukacheka, na ilikuwa siku nyingi Generose hajauona ukicheka. Achille aliomba kijiti. Kwa mkono wa kushoto akachora mavumbini: mstari wa ardhi, shimo, mawe, kuta fupi za mawe, na juu ya mawe tabaka jingine ambalo Generose hakulielewa.

"Hii," Achille akasema, akiligonga kwa kijiti, "bantu banaisahau. Banapanga mawe, juu ya mawe matofali, basi. Moto inashuka. Unachoma kuni mingi, unapasha udongo ya Uvira yote. Mukate iko mubaridi."

Polepole, akirudia maneno yaliyomkwama, akamweleza. Kati ya mawe na sakafu ya tanuru lazima pawe na kitu kisichopokea moto. Chupa tupu zilizolazwa ubavu kwa ubavu, zikiwa na hewa ndani. Majivu. Juu yake udongo wa mfinyanzi uliokanyagwa pamoja na makapi ya mpunga, unene wa kiganja. Makapi yako tele Bwegera, kwenye mashine za kukoboa, yanatupwa tu.

Walichogombania ni mahali. Generose alitaka pembe ya nyuma, karibu na ukuta wa jirani, kwa sababu upepo wa mchana hutoka ziwani na kupanda milimani, na kule moshi ungepita bila kuingia nyumbani. Achille alitaka mbele, kando ya njia.

"Mbele kuna vumbi ya mapikipiki," Generose alisema. "Na kila muntu anapita anachungulia."

"Mbele."

"Juu ya nini? Sababu gani?"

"Mbele tu!" Aligonga mkono wa kiti kwa ngumi ya kushoto, mate yakamtiririka kidevuni.

Generose alimfuta. Alidhani ni ukaidi wa mgonjwa, mtu aliyenyang'anywa maamuzi yote akabaki na hilo moja. Hakubishana zaidi. Kesho yake, Achille akiwa bado amelala, alichukua jembe na beleshi, akaenda pembe ya nyuma.

Alipima mraba kwa kamba, hatua mbili kila upande, akaanza kuchimba. Udongo wa juu ulikuwa mgumu na mkavu, jembe likiruka. Lakini alipofika kina cha goti udongo ukabadilika. Ukawa laini, mweusi, umechanganyika na vipande vya makaa na vya matofali. Generose akasimama kupumua. Zamani, akiwa bibi harusi mpya, alikuwa akimpelekea Achille chakula kazini, na mara nyingi alimkuta akiwafokea vibarua kwa maneno yale yale: huo ni udongo wa kujaza, umekwisha kuchimbwa ukarudishwa, hauchukui mzigo, ukijenga juu yake ukuta utapasuka kabla mwaka haujaisha. Chimba mpaka ufike ule ambao mkono wa mtu haujaugusa.

"Labda ni shimo la takataka za zamani," alijiambia, na kwa hasira akaendelea kushuka.

Jua lilikuwa utosini jembe liliponasa kitu kinachonyumbuka. Akakivuta kwa mkono. Ilikuwa buti ya mpira, nyeusi, ya aina wanayovaa wafugaji wa milima ya juu. Ubavuni ilikuwa imepasuka na kushonwa kwa waya mwembamba. Ilikuwa nzito kuliko buti tupu. Akaiinamisha, na mifupa midogo ya mguu ikamwagikia kiganjani mwake.

Hakupiga kelele. Aliirudisha ile mifupa ndani ya buti mmoja mmoja, kwa uangalifu, kama mtu anayeokota sindano, akaiweka buti ukingoni. Kisha akakaa ndani ya shimo.

Hapo ndipo aliposikia gongo la mumewe likigonga ardhi. Achille alikuwa amezunguka nyumba nzima akiegemea ukuta kwa bega, peke yake, jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu augue. Aliona shimo. Aliona buti. Mgongo wake ukateleza ukutani mpaka akakaa chini.

"Sebagenzi," akasema. Jina hilo lilitoka zima, bila kuvunjika.

Ilichukua mchana mzima kulipata lililobaki. Neno moja moja, na mara nyingine Generose alilikisia neno akamwangalia usoni kama amepatia. Sebagenzi alikuwa mfugaji. Kila wiki alishuka kutoka milima ya juu na madumu ya maziwa, mwendo wa siku nzima kwa miguu, na alizoea kupumzika kwenye kiwanja hiki, kwa baba yake Achille, kabla ya kuingia sokoni. Aliwaletea siagi. Alimfundisha Achille, kijana wakati huo, kuhesabu kwa lugha ya kwao, wakichekana. Ndipo ukaja mwaka wa tisini na sita na vita vyake, na watu wa kabila lake wakawa wanawindwa mjini. Alasiri moja, saa kumi, jua bado kali, Sebagenzi alikuja mbio akagonga mlango. Ndani walikuwa watu kumi na mmoja. Baba yake Achille aliwaonyesha wote kwa kidole wanyamaze. Achille alikuwa amesimama nyuma ya mlango, mkono tayari uko kwenye komeo.

"Aliniita," Achille alisema. "Hakuita muzee. Aliniita minye. Achille, fungua. Achille. Mara tatu."

"Na weye?"

"Baba alinishika mukono. Alinishika kidogo tu. Ningeweza kujitoa."

Wenye bunduki walimkuta Sebagenzi hapo hapo kizingitini. Walipoondoka, baba na mwana walimburuta mpaka nyuma wakamzika kabla harufu haijawaita wengine, na mzee akawaapisha wote waliokuwa ndani. Wengi wao walishakufa. Mzee mwenyewe alikufa bila kulitaja tena.

Generose aliletwa kwenye nyumba ile miaka minne baadaye. Kwa muda wote huo alianika nguo kwenye pembe ile. Msimu mmoja wa mvua alipanda lengalenga, mboga za majani, pale, zikastawi sana, na Achille akakataa kuzila akisema zinamuumiza tumbo.

"Funika," Achille alimwambia. "Nakuomba, Mama Ornella. Funika, twende mbele."

Alifunika, kwa bati, akaweka mawe juu ya bati. Siku mbili hakukanda unga. Blandine alipokuja kuuliza habari za tanuru, alimwambia anaumwa mgongo. Kwa Achille alizungumza ya lazima tu: kula, geuka, nikuoshe. Hakuwa na hasira naye kama alivyotegemea. Alimfikiria kijana yule nyuma ya mlango, na watu kumi ndani, na hakujua yeye angefanya nini. Lakini kila alipofumba macho kidogo alimwona mama yake mwenyewe kule Kiliba. Kaka yake Generose alichukuliwa barabarani katika vita hivyo hivyo, hakuonekana tena, na mama yao alimwekea sahani ya chakula kila siku hadi alipokufa, miaka kumi na tisa. Waliomchukua kaka yake, au waliomzika, walikuwepo mahali fulani wanaanika nguo.

Siku ya tatu akasema, "Sebagenzi alikuwa na bantu?"

Achille alifumba macho. "Mudogo wake alikuwa na ngombe Luberizi."

"Naenda Bwegera kutafuta makapi. Nitapita Luberizi."

Achille hakusema funika tena. Alianza kulia, na kwa kuwa nusu ya uso haikuweza kulia, machozi yalishuka upande mmoja.

Alipanda pikipiki akiwa na magunia manne matupu. Tambarare la Ruzizi lilikuwa limekauka, vumbi likifuata ng'ombe, na kwenye kila kizuizi watu wenye silaha walimuuliza anakwenda wapi, naye akasema kuchukua makapi ya mpunga, na ilikuwa kweli. Bwegera alijaza magunia nyuma ya mashine ya kukoboa, akayafunga, akawaachia watu wa lori wayalete. Kisha akarudi Luberizi na kuuliza kwa wauza maziwa. Wa kwanza hakumjibu. Wa pili alimtazama kutoka kichwani hadi miguuni, akamwelekeza kwa kidevu.

Chini ya kibanda cha nyasi alikuwa amesimama mwanamke wa miaka thelathini na kitu, mrefu, akipima maziwa kwa kikombe.

"Naulizia bantu ya Sebagenzi," Generose alisema. "Ule aliyekuwa anashusha maziwa Uvira, zamani, mbele ya vita."

Mwanamke hakuacha kupima. "Weye ni nani?"

"Naitwa Generose. Natoka Rugenge."

"Minye ni Niyigena. Sebagenzi ni baba yangu." Akamwaga kikombe kimoja zaidi kwenye chupa ya mteja. "Iko hai? Anakaa na ule mwanamuke mupaka leo?"

Generose hakuelewa. "Mwanamuke gani?"

"Ule wa Bujumbura. Muntu mumoja alirudi kutoka kule akasema alimuona sokoni, amenenepa, na mwanamuke mwingine." Sauti yake haikupanda wala kushuka, kama ya mtu anayesoma tangazo. "Mama alitukataza kutaja jina yake. Alikufa anamutukana."

Generose alitaka kukaa, lakini hapakuwa na kiti. "Hapana, dada yangu," akasema. "Hakufika Bujumbura. Iko kwetu. Iko kwetu tangu wakati ile ya vita."

Mteja alichukua chupa yake akaondoka haraka bila kuaga. Niyigena alibaki na kikombe mkononi.

"Alikuwa amevaa nini?"

"Sijaona nguo. Nimeona buti. Imepasuka hapa, imeshonwa na waya."

Niyigena aliweka kikombe juu ya meza, akakiweka vizuri, sehemu yake. "Ni mama alishona," akasema. "Na waya ya redio. Nilikuwa nashika buti naye anavuta waya." Kisha akageuka, akauelekea ukuta wa nyasi, na mabega yake yakaanza kutikisika bila sauti yoyote.

Kabla Niyigena na watu wake hawajaja kumchukua marehemu, Generose alikwenda kwa shefu wa avenyu, kiongozi wa mtaa, kwa sababu huwezi kutoa mfupa wa mtu ardhini Uvira kama unatoa muhogo. Shefu aliandika katika daftari lake, akauliza kama kuna silaha ndani ya shimo, akasema lifanyike mchana na lifanyike upesi. Habari ilikuwa imekwisha kuenea kabla hajafika nyumbani.

Niyigena alikuja na shangazi yake mzee, Nyirabahizi, dada yake Sebagenzi, na sanduku la mbao lisilopakwa rangi. Watu walijaa ukutani. Wengine walikuja kwa huruma. Wengine hawakuificha sauti yao: kwa nini nyumba hii inaingiza watu wale? Shefu aliwaamuru warudi nyuma, wakarudi hatua tatu.

Generose ndiye aliyeshuka shimoni. Alichimba kwa mikono na kwa kijiko cha kupakulia, akimpa Nyirabahizi kila alichokipata, na mzee yule alikipangusa kwa ncha ya kitenge chake na kukilaza sandukuni, midomo ikichezacheza katika sala. Ilichukua muda wa asubuhi yote. Buti ya pili haikuwa na mshono. Mkanda wa suruali ulikuwa umebaki chuma chake tu.

Achille alikuwa amejiketisha karibu na shimo tangu mapema, amevaa shati jeupe la kanisani. Sanduku lilipofungwa, akainua mkono wa kushoto.

"Dada," alimwita Niyigena. "Kuna kintu."

"Papa Ornella, pumzika," Generose alisema chini chini. Watu wengi mno walikuwa wakisikiliza.

Hakupumzika. "Hakufa njiani. Aligonga kwetu. Tulimusikia. Minye nilikuwa nyuma ya mulango, akaniita na jina yangu. Sikufungua."

Alilazimika kulisema mara mbili, maana mara ya kwanza Niyigena hakumwelewa. Mara ya pili alielewa. Alimtazama muda mrefu, halafu akageuza kichwa kuelekea nyumbani.

"Mulango gani?"

"Ule."

Niyigena alikwenda hadi mlangoni. Ulikuwa mlango wa mbao, rangi ya kijani imebanduka, komeo lilelile. Aliugusa kwa vidole viwili, akausukuma, ukafunguka kwa urahisi.

"Ni mbao tu," alisema aliporudi. "Minye nilifikiri utaniambia ni chuma."

"Nisamehe, dada."

Shangazi yake alisema kitu kwa lugha yao, kwa upole. Niyigena akatikisa kichwa.

"Muzee," alimwambia Achille, "nilikuya kuchukua baba yangu. Hiyo ingine sikukuya juu yake. Siwezi kukupa leo kintu sina."

Wakampa Generose mkono kila mmoja, wakalibeba sanduku wawili, wakaondoka. Mbele ya Achille, mzee Nyirabahizi alisimama kidogo, akamtazama, kisha wakaendelea.

Generose alilijaza shimo siku hiyo hiyo, akalikanyaga, akaacha patupu.

Kesho yake Blandine hakuja. Hakuja wiki ile yote. Walipokutana kisimani, Blandine aliangalia ndoo yake. "Siko minye, Mama Ornella, unanijua. Ni bantu. Banasema ni mukate ya kaburi. Nikibeba beseni, banauliza inatoka kwa nani."

"Hata sijaanza kuchoma."

"Najua."

Alijenga mbele, kando ya njia, pale mumewe alipotaka. Kwa kina cha goti na kidogo jembe likagonga ardhi ya njano, ngumu, ambayo Achille aliomba aletewe bonge lake, akalinusa, akaitikia kwa kichwa. Mawe Generose aliyatoa mto Kalimabenge, kwa toroli ya kuazima, safari baada ya safari, na kwa sababu mawe ya mto ni ya mviringo na hayashikani, aliyapasua kwa nyundo mpaka viganja vikatoka malengelenge, yakapasuka, yakawa magumu. Alijaza shimo kwa mawe na kokoto, akashindilia. Akainua kuta nne hadi kiunoni, akiweka upya kila jiwe lililolala vibaya, maana Achille aliliona kutoka kitini.

"Tena," alisema. Au, "Kanda." Au, "Angalia nivo," akimaanisha kile kipimo chake cha zamani chenye kiputo cha hewa katikati, ambacho sasa kilikuwa mikononi mwa mkewe. Hayo ndiyo yaliyokuwa maneno yake siku zile. Mengine alikuwa ameyaacha. Alikula nusu ya alichokuwa akila. Wapita njia waliosimama zamani kumsalimia fundi walipita wakiangalia upande wa pili, na wachache waliosimama walikuja kumuuliza kama ni kweli.

Ndani ya kuta alijaza vifusi. Juu ya vifusi akamwaga majivu aliyoyakusanya kwa wauza samaki wa kukausha, juu ya majivu akalaza chupa za bia zilizotupwa nyuma ya baa, shingo za safu moja zikitazama vitako vya safu ya pili, na mapengo akayaziba kwa majivu tena. Kisha siku mbili alikanyaga udongo wa mfinyanzi na makapi ya Bwegera kwenye shimo dogo, kitenge kimefungwa magotini, mpaka udongo ukawa mwepesi na kushikana kama unga wa mkate wenyewe. Achille aliomba donge. Alilifinya kwa mkono wa kushoto, akalipima uzito, akafinya tena.

"Ongeza makapi," alisema.

Aliongeza, akakanyaga tena.

"Hapo." Na baada ya muda, bila kumtazama: "Mukono yako ni muzuri. Ningekuwa nilikuchukua kazini zamani."

Tabaka lilipolala, unene wa kiganja, akalilainisha kwa ubao uliolowa na kulifunika magunia likauke taratibu. Lilihitaji wiki mbili. Mvua za kwanza zilikuwa zinanusanusa juu ya milima. Siku ya tisa Achille aliomba maji, na Generose alipoyaleta, kichwa kilikuwa kimeangukia begani. Alikaa siku mbili hospitalini bila kufumbua macho. Akafa mchana, mkewe akimshikilia ule mkono uliotangulia kufa.

Ornella alikuja kwa meli kutoka Kalemie. Watu wa mazishi walikuwa wachache kuliko viti vilivyokodiwa, na binti yule, aliyemkumbuka baba aliyesalimiwa na mji mzima, aliuliza ni nini kimetokea. Generose alimketisha jikoni akamweleza yote, mlango, jina lililoitwa mara tatu, mkono ulioshikwa kidogo tu. Hakuruka kitu.

Ornella alisikiliza akikunja na kukunjua ncha ya kitambaa chake. "Ungefunika, mama," alisema mwishowe. "Alikuambia ufunike. Angekufa na heshima yake."

"Najua alivyoniambia."

"Sasa watoto wangu watasikia nini juu ya babu yao?"

"Watasikia kwako. Ndiyo sababu nimekuambia."

Waliagana vibaya, na meli ikaondoka. Kwa miezi miwili Ornella hakupiga simu. Generose alituma habari ya kifo Luberizi kupitia mwendesha pikipiki, na jibu lililorudi lilikuwa fupi: Niyigena amesikia.

Sakafu alipanga peke yake. Alitandaza mchanga laini juu ya tabaka lililokauka, akausawazisha kwa nivo, akapanga matofali yaliyoiva vizuri bila udongo katikati, moja likisukumana na jingine. Kuba alilijenga juu ya kifusi cha mchanga mbichi, kisha akautoa mchanga kwa mlangoni, na kuba lote akalivika koti la udongo na makapi. Lilipasuka mara moja, ubavuni, akaziba. Alilikausha kwa moto mdogo siku tano, kila siku moto mkubwa kidogo. Siku ya sita alichoma kuni za kutosha, akatoa makaa, akafagia, akarusha unga kidogo sakafuni ukageuka kahawia kabla hajahesabu hadi kumi. Akapiga magoti, akaweka mkono kwenye mawe ya chini ya sakafu. Yalikuwa na ubaridi wa asubuhi.

Alibaki amepiga magoti hapo kwa muda. Hapakuwa na mtu wa kumwambia.

Rugenge hawakununua. Generose akajitwika beseni mwenyewe na kushuka nalo hadi bandarini Kalundu, mwendo wa zaidi ya saa moja, kwa mabaharia na wapakiaji wasiojua mkate unatoka kiwanja gani. Kule ulipendwa, kwa kuwa ulikuwa umeiva chini na juu sawasawa. Asubuhi nyingi alipishana na Blandine, aliyekuwa sasa akibeba mikate ya mtu mwingine. Walisalimiana. Blandine aliuliza kama mgongo umepona, Generose akasema umepona, na kila mmoja akaendelea na njia yake, shingo zimenyooka chini ya mabeseni.